Silsila ya Mzingile

Tarehe 2 Mei 1968, mjini Durham katika jimbo la North Carolina, daktari wa upasuaji Will Sealy alikata uzi wa msuli ambao hakuna jicho lingeweza kuuona. Mgonjwa wake alikuwa mvuvi wa pwani ya jimbo hilohilo. Alizaliwa na njia ya ziada ya umeme kati ya atiria na ventrikali, yaani chemba za juu na za chini za moyo, kasoro ambayo dalili zake Wolff, Parkinson na White walizieleza mwaka 1930, na moyo wake ulikuwa ukishikwa na mbio ambazo dawa hazikuzimudu. Kabla ya kisu kufanya kazi yake, elektrodi ilipitishwa juu ya moyo uliofunuliwa, nukta baada ya nukta, kutafuta mahali ambapo umeme ulifika mapema kuliko ilivyopasa. Hapo ndipo Sealy alipokata. Mwaka mmoja nyuma, madaktari wa Mayo Clinic walikuwa wameizima njia kama hiyo kwa muda tu, ikarudi. Ya mvuvi haikurudi.

Historia ya upasuaji wa mdundo wa moyo husimuliwa kama mfululizo wa uvumbuzi. Mimi naiona zaidi kama historia ya ufundishaji. Watu wa pwani yetu wana neno linalofaa hapa, silsila: mlolongo wa walimu unaomwezesha mwanafunzi wa Lamu au Unguja kutaja alisoma mbele ya nani, na huyo naye alisoma mbele ya nani. Kitabu peke yake hakimpi mtu ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha. Silsila ya Durham inafuatika hivyohivyo. James Cox alifunzwa upasuaji Chuo Kikuu cha Duke alikokuwa Sealy, kisha mwaka 1983 akahamia Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Huko alifanya kazi na John Boineau, mtafiti wa umeme wa moyo ambaye naye alipitia Duke. Ralph Damiano, aliyefuata nyayo za Cox katika fani hii, naye alitoka Duke. Haimaanishi kwamba maarifa yote yalizaliwa Durham. Gérard Guiraudon alikuwa na shule yake Paris, akaihamishia London, Ontario. Alden Harken na Mark Josephson walikuwa na yao Philadelphia. Lakini tazama jinsi kila kituo kilivyokuwa na mtu wa kisu na mtu wa umeme wakiinamia meza moja. Kijana aliyesimama kati yao alijifunza kusikiliza moyo kabla ya kuukata, jambo ambalo mafunzo ya kawaida ya upasuaji hayakuwa na nafasi nalo.

Mfano ulio wazi zaidi ni upasuaji ambao Cox aliufanya kwa mara ya kwanza St. Louis tarehe 25 Septemba 1987. Alikuwa akitafuta dawa ya mpapatiko wa atiria, hali ambayo umeme huzunguka ovyo katika chemba za juu, damu ikatuama na kuganda, na kiharusi kikavizia. Wazo lake lilikuwa kukata atiria na kuzishona upya ili makovu yawe kuta, umeme ubaki na njia moja tu ya kupita kutoka chanzo chake hadi ventrikali, na vichochoro vingine vyote viishie ukutani. Aliuita Mzingile, na jina halikutiwa chumvi. Muundo wa kwanza ulikuwa na dosari: baadhi ya wagonjwa mioyo yao haikuweza kuongeza kasi walipofanya kazi nzito. Muundo wa pili ulikuwa mgumu mno kuutekeleza. Wa tatu, uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndio uliogeuka kipimo cha mengine yote. Ripoti ya mwaka 2003 kuhusu wagonjwa 198 wa St. Louis ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 walikuwa hawana mpapatiko baada ya wastani wa miaka mitano na ushee. Kwa haki, vipimo vya wakati ule havikuwa vya kuufuatilia moyo usiku na mchana, kwa hiyo huenda idadi hiyo inapendeza kuliko uhalisia. Hata tukiipunguza, swali linabaki. Michoro ilichapishwa, matokeo yalichapishwa, na bado waliothubutu kuufanya walikuwa wachache. Kilichoadimika kilikuwa mtu wa kusimama upande wa pili wa meza na kusema: hapa bado.

Wapo watakaosema kwamba fani ilipungua kwa sababu ilistahili kupungua. Mwaka 1991 timu ya Warren Jackman huko Oklahoma iliripoti kwamba kateta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni, ikiunguza kwa nguvu za mawimbi ya redio bila kupasua kifua, ilizimaliza njia za ziada kwa wagonjwa 164 kati ya 166. Ni nani angekubali kupasuliwa baada ya hapo? Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walionyesha kwamba cheche za mpapatiko mara nyingi hutoka katika vena za mapafu, na kateta ikaingia huko pia. Nakubali yote hayo. Mgonjwa wa aina ya yule mvuvi leo hana haja ya kisu. Ila hasara moja haikuhesabiwa. Upasuaji ule uliokufa ndio uliokuwa darasa. Kwa kukata njia za ziada, wanagenzi walijifunza kusoma ramani ya umeme, na darasa lilipofungwa hawakufunguliwa lingine. Madaktari wa kateta walijijengea lao: Marekani ilianza kuwatahini kama mabingwa bobezi mwaka 1992. Wapasuaji wa mdundo hawakupata mtihani wa namna hiyo.

Wengine husema zana zimeondoa haja ya mwalimu. Tangu 2002 Damiano alipobadilisha mikato mingi ya Mzingile kwa vibano vinavyounguza na vinavyogandisha, kazi imekuwa fupi na salama zaidi. Ni kweli, na ni heri kwa wagonjwa. Lakini kibano hakijui kama mstari umepenya unene wote wa ukuta. Ukibaki upenyo mdogo, umeme unaweza kupita na kuanzisha mzunguko mpya. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha kifaa cha kwanza cha aina hiyo mwaka 2011, iliambatanisha sharti la mafunzo, na mafunzo yakaangukia mikononi mwa mtengenezaji. Muuzaji anaweza kukufundisha kukishika kifaa chake. Sioni kwa nini akufundishe siku ya kukiacha kabatini. Miongozo ya wapasuaji wa Marekani ya 2017 ilisisitiza kwa kiwango cha juu kabisa kwamba mpapatiko utibiwe wakati wa upasuaji wa vali ya mitrali, na bado, kwa kumbukumbu zao wenyewe, wagonjwa wenye mpapatiko waliotibiwa hivyo walipokuwa mezani kwa upasuaji wa moyo hawakufika nusu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwetu: nchi yenye wapasuaji wa moyo wachache itampelekaje mmoja akasomee mdundo peke yake mwaka mzima? Jibu liko katika ugonjwa wenyewe. Afrika Mashariki vali nyingi huharibiwa na homa ya rumatiki, wagonjwa ni vijana, na mpapatiko huwafuata. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa aina hii dawa za kuzuia damu kuganda za jamii ya warfarini bado zinaishinda rivaroksabani, na warfarini hudai kupima damu mara kwa mara, jambo gumu kwa anayeishi mbali na maabara. Anayewafungua mioyo ili kutengeneza vali tayari yumo ndani ya atiria ya kushoto, na angeweza kuutibu mpapatiko papo hapo. Wala si kila atiria inafaa kutibiwa hivyo. Ile iliyotanuka na kujaa makovu kwa miaka mingi huenda isirudi katika mdundo hata mistari ikiwa kamili. Kuitambua, kuiacha, na kumfuatilia kwa miaka yule aliyetibiwa, hayo mwanagenzi huyaona kliniki, pembeni mwa mtu aliyekosea kabla yake.