Gumegume, kiasi na fataki: maneno ya siku baruti ilipoadimika

Mwanamume asiyejimudu, anayekaa barazani tangu asubuhi akingoja kupakuliwa, huitwa gumegume. Tusi hilo limezoeleka, na sidhani kuna mtaa wa Mombasa usiolijua. Lakini hebu waulize wanaolitoa: gumegume ni nini hasa? Wengi watakwambia ni mtu ovyo, basi. Fungua kamusi utaona kwamba kabla ya kuwa mtu, gumegume lilikuwa bunduki. Ni bunduki ya zamani ya kuwashwa kwa jiwe: jiwe gumu lagonga chuma, cheche yaruka, baruti yashika moto. Au haishiki. Manyunyu yakipita, haishiki. Jiwe likilika, haishiki. Nionavyo mimi, tusi lilizaliwa hapo kwenye "haishiki".

Leo nataka kulitetea gumegume. Nataka pia kuyafufua maneno kadhaa ya ukoo wake ambayo kamusi huyapa alama ya "neno la kale" na kuyaacha yajifie, kwa sababu nimegundua kwamba bila maneno hayo kuna kipande cha historia yetu kisichosimulika kwa Kiswahili kikaeleweka.

Nianzie Kibarani. Siku hizi ukitaja Kibarani, mtu wa Mombasa anakumbuka jaa la taka na moshi wake uliokuwa ukiwapokea wageni wanaoingia kisiwani. Jina lenyewe, hata hivyo, linataja ardhi: ni mahali ambapo kisiwa kinaagana na bara. Hapo Makupa palikuwa na kivuko ambacho maji yakitoka mtu aliweza kuvuka kwa miguu, na kwa hiyo kila aliyetaka kuilinda Mombasa alipaswa kuweka bunduki hapo. Mwaka 1589 Wazimba walikuwa wamekusanyika upande wa bara wakitaka kuvuka. Mturuki Mir Ali Bey, aliyekuwa amejiimarisha Mvita, aliweka jahazi zake za mizinga Makupa kuwazuia. Kisha manowari za Wareno kutoka Goa, chini ya Tomé de Sousa Coutinho, zikamjia kwa nyuma. Waturuki wakapoteza vyombo vyao na mizinga yao, kivuko kikabaki wazi, Wazimba wakavuka. Mir Ali Bey akatekwa na kupelekwa Ureno. Miaka minne baadaye Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, na pale Makupa nako wakaweka vingome vya kulinda kivuko.

Nimekitaja kisa hicho kwa sababu baruti ilitujia kwa njia hiyohiyo ya bahari, na maneno yake yakaja nayo. "Baruti" tunashirikiana na Waarabu, Waajemi na Waturuki. Katika Kiarabu cha kale neno hilo lilitaja shura peke yake, ile chumvi nyeupe ambayo ndiyo sehemu kubwa ya baruti, kabla ya kuhamia kwenye mchanganyiko mzima. "Bunduki" ina safari ndefu zaidi: bunduq ya Waarabu ni aina ya kokwa, kisha ikawa kidonge cha udongo cha kurushwa kwa upinde, kisha kidonge cha chuma, hatimaye chombo chenyewe. Kokwa lilianza kwa Wayunani, waliolitaja kwa nchi ya Ponto kwenye Bahari Nyeusi.

Lakini utajiri wenyewe uko kwenye maneno ya kazi. Tazama aliyekuwa na gobori, yaani bunduki ya kushindiliwa kwa mdomoni, alivyohitaji kusema. Baruti yake ilikuwa shura, kiberiti na makaa. Kiberiti hapa si njiti za kuwashia jiko. Ni ile kitu ya manjano inayonuka, na njiti zilirithi jina kwa sababu zilipakwa dawa hiyo vichwani. Baruti alikuwa akiipima, na kile alichokipima kwa mpigo mmoja kiliitwa kiasi. Akamimina kiasi mtutuni, akatia kitambaa, akatia risasi. Kama anawinda ndege alitia marisau, zile punje ndogondogo. Kisha akachukua mdeki, ufito wa kushindilia, akashindilia. Kama bunduki ni ya mrao, aliiwasha kwa utambi. Kama ni gumegume, kwa jiwe. Na ile iliyokuja baadaye, karne ya 19, ilitaka fataki: kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Fataki ya leo ni ya harusi na mwaka mpya, na kwa majirani zetu Tanzania ni jina la mzee anayewawinda wasichana wa shule. Zamani ilikuwa kitu cha ukubwa wa punje ya mbaazi, ukikikosa bunduki yako ni fimbo.

Risasi nayo! Risasi kwanza ni madini: ile chuma laini nzito inayoyeyuka kwenye jiko la makaa. Wavuvi wanaifahamu vizuri maana ndiyo ya chubwi za mishipi. Ukishajua hilo, unaelewa kwa nini mwenye gobori hakumwogopa muuza duka. Alihitaji risasi ya chubwi, makaa ya jikoni, shura na kiberiti cha dukani au cha kubadilishana, na mkono uliozoea kupima. Gumegume lilikuwa na lishe nyepesi: hata jiwe lake liliweza kuokotwa. Bunduki mpya zilizofuata, zile za kutiwa risasi kwa nyuma, zilikuwa hodari kuliko hizo kwa kila hali isipokuwa moja. Chakula chao kilitoka kiwandani Ulaya, kikafika kwa meli, na mwenye meli akiamua kukuhini umekwisha.

Wakubwa wa Ulaya walilijua hilo, na hawakulificha. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotangazwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, ulipiga marufuku uingizaji wa silaha na baruti katika eneo kubwa la Afrika, kati ya digrii 20 kaskazini ya ikweta na digrii 22 kusini. Kisha ukaacha mlango mdogo wazi: bunduki za jiwe zisizochongwa mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kuuzwa. Yaani magumegume! Sheria ya kimataifa iliamua kwamba Mwafrika anaweza kubaki na gumegume. Mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi alipoinuka dhidi ya Waingereza, alipigana chini ya sheria hizo, na upande wa pili ulikuwa na manowari za kuuletea askari na risasi wakati wowote. Ngome yake ya Mwele ilitekwa Agosti mwaka huo. Aprili 1896 akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Mwaka huohuo wa 1896 reli ya Uganda ilianza kutandikwa, ikipita hapo hapo Makupa kuingia bara.

Sidhani tusi la gumegume lilihitaji zaidi ya hayo ili likolee. Aliyekuwa na bunduki ya jiwe mbele ya bunduki ya kisasa alikuwa ameshadharauliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi.

Sasa njoo mwaka 1914, na hapa mambo yanageuka. Vita Vikuu vilipoanza, jeshi la Wajerumani la Tanganyika, ambalo wengi wake walikuwa askari Waafrika wazungumzao Kiswahili, lilizingirwa. Manowari za Waingereza zilifunga bahari. Kombania nyingi za askari hao zilikuwa na bunduki ya mwaka 1871, ya kutia risasi moja moja, tena ya baruti nyeusi. Kila askari alipopiga, wingu la moshi lilipanda juu ya kichaka likamwonyesha adui alipo. Bunduki hiyo ilikuwa na umri wa miaka 43, gumegume la kisasa ukipenda. Novemba ya mwaka huo jeshi kutoka India liliposhuka Tanga na kushindwa, washindi waliokota bunduki nzuri na risasi zaidi ya nusu milioni zilizoachwa. Waliobaki wa jeshi lile wakaletwa Mombasa. Januari 1915, pale Jasin karibu na Vanga, Wajerumani walishinda tena, lakini kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck alipiga hesabu akashtuka: risasi kama 200,000 zimekwenda katika vita kimoja. Aliandika baadaye kwamba kwa akiba aliyokuwa nayo angeweza kupigana vita vya namna hiyo mara tatu zaidi, hazidishi. Ushindi wa aina hiyo ungemmaliza.

Aprili 14, 1915, meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyokuwa imejifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika pwani kaskazini ya Tanga. Manowari HMS Hyacinth ikaifukuza hadi ghuba ya Manza. Nahodha akaipandisha kwenye maji mafupi, ikawaka moto, Waingereza wakaipiga mizinga na kuondoka wakiamini kwamba kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Watu walizamia, wakatoa bunduki, makombora na masanduku kwa masanduku ya risasi yaliyokuwa yamelala chini ya maji ya chumvi.

Kisha ikaanza kazi ambayo vitabu vingi vya vita huipa sentensi moja. Kwa miezi, mikono iliyopatikana iliketi kufungua vile vilivyorowa kimoja kimoja: kung'oa risasi kwenye ganda, kumwaga baruti na kuianika, kutazama fataki kama imekufa, kuibadilisha kwa fataki za aina nyingine zilizokuwamo nchini, kurudisha baruti kwa kipimo, kurudisha risasi. Vilivyoaminika vikaenda vitani na vyenye mashaka vikabaki vya mazoezi ya shabaha. Jeshi la kisasa lilikuwa limerudi kwenye kazi ya mwenye gobori, kwa vidole na kwa subira. Wajerumani waliendelea kupigana hadi Novemba 1918, wakijilisha kwa kuteka. Walipovuka Ruvuma Novemba 1917 waliivamia kambi ya Wareno pale Ngomano wakapata silaha na akiba kubwa. Siku waliyosalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, nyingi ya bunduki walizoweka chini zilikuwa za Waingereza na Wareno.

Ukipita Ngomeni, nje ya Ngome ya Yesu, utaona mizinga miwili ya vita hivyo: mmoja wa Königsberg, mwingine wa HMS Pegasus, manowari ambayo Königsberg yenyewe iliizamisha Zanzibar Septemba 1914. Rubens ilileta pia makombora ya mizinga ya Königsberg. Watalii hupiga picha hapo. Sijapata kusikia mwongozaji akieleza mizinga ile ilikula nini na chakula kilipatikanaje.

Miaka arobaini baadaye, katika misitu ya Nyandarua, hali iligeuka kichwa chini. Wapiganaji wa Mau Mau hawakuwa na kiwanda cha risasi, ila risasi za kuibwa au kununuliwa kwa magendo zilipatikana moja moja. Kwa hiyo walichukua bomba la maji, komeo la mlango na mpira, wakaunda bunduki ya kuitoshea risasi waliyonayo. Serikali ya kikoloni iliifahamu thamani hiyo. Kupatikana na risasi tu, hata huna bunduki, kuliweza kukupeleka kitanzini, na Dedan Kimathi mwaka 1956 alishtakiwa kwa bastola na pia, kama kosa la pili, kwa risasi zake sita.

Sasa nirudi kwenye lugha, maana ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Nilipojaribu kukisimulia kisa cha Rubens darasani nilikwama kwenye sentensi rahisi kabisa: "Risasi zilirowa." Mwanafunzi mmoja, kijana wa Kibarani ambaye watu wake ni wavuvi, akaniuliza, "Mwalimu, risasi inaharibikaje kwa maji? Si chubwi hukaa baharini siku zote?" Alisema kweli. Madini ya risasi hayajali maji. Kilichorowa ni baruti na fataki, ndani ya ganda. Kiswahili cha leo kimelibebesha neno "risasi" mizigo mitatu: madini, kidonge kinachoruka, na kitu kizima chenye ganda, baruti na fataki. Polisi wakisema wamepata risasi, na daktari akisema ametoa risasi mguuni, wanataja vitu viwili tofauti.

Na jina la hicho kitu kizima tulikuwa nalo. Edward Steere alipokusanya maneno Zanzibar, kamusi yake ilikipa jina la kiasi cha bunduki. Mantiki yake imenyooka: kile ambacho mwenye gobori alikuwa akikipima kwa mkono, kiwanda sasa kimekipima na kukifunga kwenye ganda, basi kiendelee kuitwa kiasi, na vikiwa vingi ni viasi. Tuliliacha neno hilo labda kwa sababu "kiasi" lina kazi nyingine nyingi, kuanzia kiasi cha sukari hadi mtu mwenye kiasi. Lakini "risasi" nayo haikuwa na nafasi ya ziada, na tuliirundikia.

Nimeanza kuandika hivi: viasi vya Rubens vilirowa, wakavifungua, risasi zikawa nzima, baruti ikaanikwa, fataki zikabadilishwa. Nilimsomea kijana yule. Akauliza swali moja tu, ati nani alizianika, na walilipwa?