Jeraha Lisilo na Jalada

Jumba la maonyesho la Ford, mjini Washington, hukumbukwa kwa kifo kimoja: humo ndimo Rais Abraham Lincoln alimopigwa risasi mwaka 1865. Vifo 22 vilivyotokea humo baadaye havizungumzwi sana. Serikali ilikuwa imelinunua na kuligeuza ofisi, na kufikia miaka ya 1890 lilikuwa limejaa makarani wa jeshi na makabati ya kadi. Tarehe 9 Juni 1893, mafundi wakiwa wanachimba chini ya jengo, sakafu za juu ziliporomoka na makarani 22 wakafa. Kazi yao ya kila siku ilikuwa kutafuta jibu la swali ambalo hadi leo linawatoa jasho askari wa zamani wa Marekani: huyu anayedai pensheni, kweli aliugua jeshini?

Swali hilo lilizaliwa na sheria ya Julai 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Askari wa kawaida aliyelemaa kabisa aliahidiwa dola 8 kwa mwezi, mradi athibitishe kwamba ulemavu wake umetokana na utumishi. Aliyekatwa mguu hakuwa na la kueleza. Lakini katika vita vile maradhi yaliua wengi kuliko risasi, na wengi waliopona hawakupona sawasawa. Kuhara kwa muda mrefu, homa na baridi yabisi haviachi kovu la kumwonyesha karani. Kilichobaki ni mstari mmoja katika daftari la hospitali ya kambini, kama uliandikwa, na kama jina halikukosewa.

Kufikia miaka ya 1880 madaftari hayo yalikuwa yanachanika kwa kufunuliwa kila siku, na maombi yamerundikana. Daktari wa jeshi aitwaye Fred Ainsworth, aliyekabidhiwa kitengo cha kumbukumbu hizo mwaka 1886, aliamuru kila ingizo linakiliwe kwenye kadi yake, kisha kadi zote za askari mmoja ziwekwe pamoja. Leo jambo hilo linaonekana dogo. Wakati ule lilimwezesha karani kumfuata mtu mmoja kutoka hospitali moja hadi nyingine bila kupekua madaftari kumi. Ainsworth alipanda hadi cheo cha jenerali, na sidhani kuna daktari mwingine aliyefika huko kwa sababu ya kadi za faili.

Walioumia zaidi na utaratibu wa kudai ushahidi wa maandishi ni askari weusi, ambao katika jeshi la Kaskazini walifikia takriban 180,000. Wengi walizaliwa utumwani: hakuna cheti cha kuzaliwa wala cha ndoa. Wapo walioandikishwa kwa jina la bwana wao, na baada ya uhuru wakachagua jina lingine. Ofisi ya pensheni ilituma wapelelezi vijijini kuwahoji majirani, wenzao wa kikosi, hata mabwana wa zamani. Mjane alitakiwa athibitishe ndoa ambayo sheria ya utumwa haikuwahi kuitambua. Maelezo hayo ya viapo yangali katika hifadhi ya nyaraka ya taifa, na wanahistoria wa utumwa huyategemea sana, kwa kuwa ni miongoni mwa mahali pachache ambapo watumwa wa zamani walieleza maisha yao wenyewe na karani akalazimika kuandika.

Mwaka 1890 Bunge lililegeza kamba. Aliyetumikia siku 90, akaachishwa kwa heshima, na sasa hawezi kazi ya mikono, alipewa pensheni bila kuulizwa ugonjwa ulianzia wapi. Gharama ilipaa mpaka pensheni zikala zaidi ya theluthi moja ya bajeti ya serikali kuu. Kwa vita vya karne ya 20, fidia ya ulemavu ilirudishwa kwenye sharti la kuonyesha chanzo. Mwaka 1941, hata hivyo, ilipitishwa sheria iliyowahurumia waliopigana mstari wa mbele: neno la askari likilingana na mazingira ya mapigano, lisikataliwe kwa sababu tu halikuandikwa. Nani angejaza fomu huku mizinga inalia?

Kisha karatasi zenyewe zikaungua. Usiku wa tarehe 12 Julai 1973, moto ulizuka katika ghorofa ya sita ya kituo cha kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, jimbo la Missouri. Chanzo chake hakikujulikana kamwe. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea, yakiwemo asilimia 80 ya majalada ya askari wa jeshi la nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Hapakuwa na nakala, wala picha za filamu, wala orodha kamili ya kilichokuwamo. Sehemu ya yaliyopona moto ililoweshwa na maji ya zimamoto, yakaanza kuota ukungu katika joto la Julai. Wahifadhi waliyapuliza dawa, kisha wakayakausha katika chumba kikubwa cha ombwe cha kiwanda cha ndege cha McDonnell Douglas.

Fikiria mzee aliyepigana Korea, mapafu yamemharibikia, anaandika kuomba rekodi zake na kujibiwa kwamba zimeungua. Ilibidi historia yake iunganishwe vipande vipande: taarifa za asubuhi za kikosi, hati za malipo, barua alizomwandikia mama yake, viapo vya waliolala naye hema moja. Mwaka 1988 hifadhi ya taifa ilipokea kanda za kompyuta zenye mamilioni ya kumbukumbu za waliolazwa hospitali za jeshi miaka ya 1942 hadi 1945 na 1950 hadi 1954. Zilikuwa zimeandaliwa kwa ajili ya takwimu, lakini namba ya askari ilikuwamo, na hiyo ilitosha.

Huku kwetu pia kuna kisa cha namna hii. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari Waafrika walioipigania Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia malimbikizo waliyokuwa wakidai. Husimuliwa kwamba wazee wengi walifika Mwanza, na wachache mno walikuwa na hati. Basi kila asiye na hati akapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani auchezeshe kama bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Kisa hicho hupendwa kwa sababu kinachekesha. Mimi hujiuliza kingeishaje kama mzee angekuwa anadai fidia ya kifua kilichoharibiwa na homa ya mapafu porini. Gwaride mwili unalikumbuka, ila daktari wa 1964 asingeweza kuona kwenye mapafu kwamba ugonjwa ulianza 1917.

Na mara nyingi jalada halina kitu kwa sababu askari mwenyewe alinyamaza. Anayekwenda zahanati kila wiki huonekana anategea, kwa hiyo goti lililoteguka hufungwa bandeji na safari ikaendelea. Miaka 20 baadaye anatakiwa alete vitu vitatu: ugonjwa wa sasa, tukio la jeshini, na kauli ya daktari inayoviunganisha. Hicho cha pili ndicho kinachowaangusha wengi.

Ndipo sheria ilipoanza kudhania. Ya Februari 1991 iliwahusu waliokuwa Vietnam, ambako dawa ya kupukutisha majani iliyoitwa Agent Orange ilinyunyiziwa misitu: aliyepata baadhi ya magonjwa yaliyoorodheshwa asidaiwe tena uthibitisho wa chanzo. Ya Agosti 2022, iitwayo PACT, imefanya vivyo hivyo kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini, ikaorodhesha magonjwa zaidi ya 20. Nchi zilizotajwa ni pamoja na Iraq, Oman na Somalia kuanzia Agosti 1990, na Djibouti kuanzia Septemba 2001.

Mwenye saratani ya mapafu aliyekaa kambi ya Djibouti haulizwi tena alivuta moshi kiasi gani. Anaulizwa kama alikuwa Djibouti, na hilo huonyeshwa kwa amri ya safari au cheti cha kuachishwa jeshi.