Kipande na Pasipoti

Baadhi ya wanachama wetu wana watoto wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba. Kwa hiyo twaona yafaa kukumbushana habari za kale.

Sheria ya kipande ilitungwa hapa Kenya mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alikichukua kipande chake, chenye alama za vidole, ndani ya mkebe wa chuma shingoni. Bwana asipotia sahihi ya kumwachilia, hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Kipande kiliondolewa mwaka 1947.

Huko Ghuba, kwa desturi ya kafala, ruhusa ya kuhama kazi nayo ilishikwa na mwajiri. Qatar iliondoa sharti hilo mwaka 2020. Lakini sheria yaweza kubadilika na pasipoti ikasalia sandukuni mwa mwajiri.

Basi twawasihi wazazi: kabla kijana hajasafiri, nakala za pasipoti na mkataba wake zibaki nyumbani. Akiugua au akishtakiwa, ubalozi utaulizia hizo kwanza. Baba zetu hawakuwa na nakala.