Ugawaji wa vikundi kwa michezo

Ugawaji wa vikundi kwa michezo ni mbinu ya mwezeshaji kuwapanga washiriki wa warsha katika vikundi vidogo kwa bahati nasibu, bila kuwataja majina wala kuwaacha wachaguane wenyewe. Mara nyingi hufanyika baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa wameshiba na macho mazito, kwa hiyo hutumika pia kuwachangamsha. Sababu yake kubwa lakini ni nyingine. Washiriki wakiingia ukumbini hukaa na wanaowajua: wa ofisi moja meza moja, wa wilaya moja pamoja, wakubwa mbele. Wakiambiwa wajigawe, meza hizohizo ndizo zitakazokuwa vikundi. Wakipangwa kwa majina, huanza minong'ono ya kwa nini fulani kawekwa na fulani. Bahati ikigawa, hakuna wa kulaumiwa.

Njia kongwe ni kuhesabu. Washiriki huhesabu moja, mbili, tatu kwa kufuatana walivyokaa, kisha wenye namba moja wanakutana. Wengi huidharau kwa kuwa haina kicheko, ilhali ni ya haraka, haihitaji vifaa na huwatenganisha waliokaa bega kwa bega. Kosa la kawaida ni kuhesabu hadi idadi ya watu wa kila kikundi badala ya idadi ya vikundi. Wakiwapo washiriki 24 na vikundi vinatakiwa viwe vya watu wanne, huhesabiwa hadi sita. Ukihesabu hadi nne utapata vikundi vinne vya watu sita. Wakiwa 27 na vikundi vitano, namba moja na namba mbili zitapata watu sita, nyingine watano. Badala ya namba zinaweza kutumika embe, nanasi, papai na chungwa, na ukumbi ukacheka kidogo wakiitwa mapapai waende nje chini ya mti.

Mchezo unaopendwa sana ni ule wa meli inayozama. Washiriki huzunguka ukumbini, mwezeshaji anatangaza kwamba meli inazama na kila boti inabeba watu watatu, kisha watano, kisha wawili. Kila mara watu hukimbilia kushikana kwa idadi iliyotajwa. Idadi ya mwisho ndiyo ya vikundi vya kazi. Katika uchezaji wa kitoto aliyekosa boti hutolewa nje, jambo lisilofaa warshani, kwani anayebaki nje mara nyingi ni yule mgeni, mzee au anayetembea kwa magongo. Tena marafiki hushikana mikono tangu mwanzo na kuzama pamoja, hivyo mchezo huu huchangamsha kuliko unavyochanganya.

Vipo vilevile vikaratasi vya wanyama: kila mtu huokota kimoja, hufumba macho na kuwatafuta wenzake kwa mlio wa ng'ombe, mbuzi, paka au jogoo. Kwa vijana ni furaha tupu. Kumtaka sheikh, mchungaji au mwenyekiti wa kijiji awike mbele ya vijana wake ni kumvunjia heshima, na akicheka si lazima awe amefurahi. Kwa watu wazima inatosha picha ya kalenda iliyokatwa vipande vinne, wenye vipande vya picha moja wakaunda kikundi. Kwa jozi, methali hukatwa katikati: mwenye "mchumia juani" amtafute mwenye "hulia kivulini". Methali zichaguliwe zinazojulikana na wote waliopo; mshiriki aliyekulia mbali na Kiswahili asije akazunguka ukumbi mzima peke yake.

Mstari una manufaa mengi kuliko unavyotumiwa. Washiriki hujipanga kwa siku na mwezi wa kuzaliwa bila kusema neno, kwa ishara za vidole tu, kisha mstari hukatwa vipande sawa. Ni bora kukata mstari kuliko kuita watu kwa miezi, kwani miezi haina watu sawasawa. Mstari ukipangwa kwa miaka ya kazi, namna ya kuukata hubadili kikundi chenyewe. Ukikatwa moja kwa moja, wakongwe hubaki na wakongwe na wapya na wapya. Ukikunjwa, wa mwisho akaja kusimama mbele ya wa kwanza, kila mkongwe hupata mgeni wa kazi, ingawa walio katikati hukutana na wa rika lao.

Kazi ikihitaji mgawanyo wa mara mbili, hutumika kadi zenye herufi na namba, tangu A1 hadi E5 kwa watu 25. Kwanza hukutana wenye herufi moja, baadaye wenye namba moja, na hakuna wawili watakaokutana mara zote mbili. Utaratibu huu unashabihiana na ule alioubuni mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipoacha kutenganisha wanafunzi kwa rangi. Kila mtoto alipewa sehemu moja ya somo, akaijadili na wenzake wa sehemu hiyo, kisha akarudi kuwafundisha wa kikundi chake, ikabidi wamsikilize. Karata nazo hufaa kwa watu 16: ree, mbili, tatu na nne za kopa, uru, shupaza na pau. Kwenye mikutano ya kidini ni salama zaidi kuziacha.

Yako mazungumzo ambayo bahati nasibu huyaharibu. Wanawake wakijadili urithi wa ardhi, au vibarua wakieleza malipo yao, husema zaidi wakiwa peke yao; hapo vikundi hupangwa wazi na sababu huelezwa. Na mchezo wowote utakaochaguliwa, maelezo ya kazi, muda na mahali pa kila kikundi hutolewa kabla ya kuanza kugawa, yakaandikwa kwenye bango kitita, kwani watu wakishatawanyika kuwarudisha wasikilize ni vigumu.