Ngori kwa ndoa? Hivi ndivyo mshauri anaweza kuwasaidia

Uko Longisa, bonasi ya chai imeingia, na wewe na bae mmeanza kununiana juu ya doh. Kawaida kesi inaenda kwa wazee. Hata Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu ndoa ya kimila isuluhishwe hivyo kabla ya talaka. Lakini wazee mara nyingi huamua nani amekosea. Mshauri haamui. Anawaketisha wote wawili: mmoja anabonga, mwingine anarudia alichosikia ndio ajibu. Inaboa, lakini kazi iko hapo. Mtafiti John Gottman wa Marekani anaona dharau ndiyo inaua mahusiano zaidi, so endeni kabla hamjaizoea. Na uliza kama mshauri amesajiliwa. Unapigwa? Hiyo usiipeleke kikao cha wawili. Piga 1195, ni bure.