Mkono wa Pembeni

Mjukuu wangu alikuja Baleni kwa likizo, akakuta katika kasha langu picha ya mwaka 1979. Tulipigwa mbele ya Beit al-Ajaib, Unguja, sisi walimu kutoka Mafia tuliokwenda kutembea. Karatasi ilikwisha liwa na unyevu. Kijana akainakili kwa simu yake, akafuta madoa, akalitia anga rangi ya samawati, kisha akakata ukingo wa kulia. Nilipomwuliza sababu, akajibu, "Babu, pale palikuwa na mkono tu wa mtu. Ulikuwa ukiharibu picha."

Nikanyamaza. Mwenye mkono nilimjua.

Kupamba picha za safari hakukuanza na simu. Katika karne ya 19 A. C. Gomes, mpiga picha mwenye asili ya Goa, alikuwa na studio yake Unguja, na wasafiri wakinunua kwake picha za mji. Baadaye zikaenea kadi za posta. Nyingi zilichapishwa Ulaya, na picha zilizopigwa nyeusi na nyeupe zikatiwa rangi na mafundi ambao pwani yetu hawakupata kuiona. Fundi akiamua anga liwe jekundu, huwa jekundu. Naye msafiri, baada ya miaka ishirini ya kuitazama kadi yake, angeweza kuapa kuwa jioni ile anga lilikuwa jekundu.

Jengo lenyewe ni somo tosha. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na mnara ulisimama mbele yake, mbali na ukuta. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji mizinga kwa muda usiofika saa moja. Mnara ule ukaharibika, na mnara wa saa ukaja kujengwa kwenye uso wa jengo lenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 mnara huo nao ukaporomoka pamoja na sehemu ya jengo, watu wawili wakafa. Basi waliopita pale mwaka 1890, mwaka 1979 na mwaka 2021 wangebishana mpaka asubuhi, na hakuna ambaye angekuwa mwongo.

Lakini mimi je? Miaka yote niliwasimulia wanangu kuwa tulishuka bandarini alfajiri, tukapigwa picha kabla hata ya kunywa chai. Siku ile nilivaa miwani nikaitazama picha vizuri. Jua linatupiga usoni, tumekunja macho, na nyuma yetu ukuta wote unang'aa. Jengo lile limeelekea baharini, upande wa kaskazini-magharibi, kwa hiyo asubuhi uso wake huwa kivulini. Picha ilipigwa alasiri. Nimesomesha jiografia miaka mingi, na ushahidi ulikuwa kashani mwangu.

Kosa la saa ni dogo. La pili ndilo lililoninyima usingizi. Katika masimulizi yangu husema, "Tulikuwa watano." Tulikuwa sita. Wa sita ni mwenye mkono, mwalimu mwenzangu aliyenikopesha nauli ya safari ile. Miaka michache baadaye tuligombana kwa ajili ya cheo, tukaacha kusalimiana, naye akafariki kabla hatujapatana. Mpiga picha wa bustanini alimkata kwa bahati mbaya. Mjukuu alimkata kwa kutojua. Mimi nilimkata kwa kinyongo, na nikarudia simulizi hiyo mara nyingi hata nikaiamini.

Nilimwomba kijana aurudishe mkono. Aliweza, kwa kuwa picha ya asili ilikuwapo bado. Kisha nikachukua kalamu ya risasi, nikaandika nyuma ya ile karatasi majina sita, nikianza na la marehemu. Mjukuu akauliza, "Huyu wa kwanza ni nani, Babu?"

Nikamwambia akae, nikaanza upya: "Tulikuwa sita, na ilikuwa alasiri."