Moli ya gesi hujaza nafasi kiasi gani?

Moli moja ya dutu yoyote ina chembe 6.022 × 10²³. Katika viowevu na vitu vigumu, nafasi ambayo chembe hizo huchukua hutofautiana sana: moli ya maji hujaza mililita 18 pekee, ilhali ya sukari hupindukia 200. Gesi zina ada nyingine. Iwe hidrojeni au kaboni dioksidi iliyo nzito mara 22 kuliko hiyo, moli moja huchukua takriban ujazo uleule, mradi joto na shinikizo viwe sawa. Sababu ni kwamba molekuli za gesi zimetawanyika mno, hata ukubwa wa kila moja si kitu mbele ya nafasi iliyo baina yao.

Mwitaliano Amedeo Avogadro alitoa rai hiyo mwaka 1811. Wataalamu wengi waliipuuza hadi Stanislao Cannizzaro alipoitetea katika mkutano wa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860. Avogadro alikuwa amefariki miaka minne kabla.

Wanafunzi wa sekondari nchini hukariri tarakimu mbili: lita 22.4 kwa nyuzi 0 za Selsiasi na shinikizo la kilopaskali 101.325, na lita 24 kwa joto la chumbani. Vitabu vingine huandika 22.7, wala si kosa la chapa: mwaka 1982 shirika la kimataifa la wanakemia, IUPAC, lilipendekeza shinikizo sanifu liwe kilopaskali 100.

Kinachosahaulika ni masharti ya tarakimu hizo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kilopaskali 83 hivi. Kwa nyuzi 20, moli ya gesi hujaza lita 29.4. Mwanafunzi akitia gramu 0.024 za utepe wa magnesiamu katika asidi ya hidrokloriki, kitabu humwahidi mililita 24 za hidrojeni. Bomba lake litasoma zaidi ya 29. Hajakosea, ingawa wengi hufuta jibu hilo na kuandika la kitabu. Mwenzake wa Mombasa atakaribia 24.

Dawa ni kuusawazisha ujazo uliopimwa: uzidishwe kwa 83, ugawanywe kwa 101.325, kisha uzidishwe kwa 273 na kugawanywa kwa 293, yaani joto la chumba kwa kipimo cha Kelvini. Mililita 29.4 za Nairobi hugeuka 22.4.